Kofia Mbili za Kovačič

Hapa Trieste upepo unaitwa Bora
na si bora hata kidogo:
huvunja miavuli, huangusha vikongwe,
hunitoa vumbi la marumaru machoni
kisha hulirudisha.

Mimi mchonga majina. Livio Furlan.
Furlan ni mtu wa Friuli, basi.
Mmoja alivuka mto, akaulizwa atokako,
jibu lake likawa ukoo wetu,
nasi tangu siku hiyo hatujatoka popote.

Nalipwa kwa herufi.
Wenye majina marefu hufa kwa gharama.
Mjane Mgiriki, Evanthia Papakonstantinou,
aliniuliza kama ningempunguzia
angalau padri aliye mwanzoni.

Na wahunzi, usiniulize.
Safu ya tano kalala Schmidt,
ubavuni mwake Ferraro, miguuni Kovács
aliyekuja kuogelea wiki moja, akabaki,
na Lefèvre, mpishi wa melini.
Wahunzi watupu, bega kwa bega,
na hakuna nyundo inayolia
ila yangu.

Agosti, tarehe ishirini na nne,
akaja Darinka Fabbri na mfuko wa tini.
Akanionyesha jiwe la kulala:
BARTOLOMEO FABBRI, 1898–1961.
"Babu yangu huyu," akasema,
"ila huyu simjui."

Alizaliwa Jernej Kovačič, huko juu Kras,
kijiji chenye mawe kuliko mbuzi.
Mwaka wa thelathini na mbili ikaja barua na muhuri:
*jina lako limerudishwa katika asili yake.*
Limerudishwa!
Kana kwamba lilipotea,
kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Kovačič ni kijana wa mhunzi. Fabbri, wahunzi.
Jernej ni Bartolomeo, mtakatifu yule yule,
siku yao moja, leo hii.
Karani hakukosea.
Hicho ndicho kilichouma, kutokosea kwake:
maana ilibaki, sauti ikaondoka,
kama nyumba uliyoachiwa samani zote
ukanyang'anywa mlango.
Nyanya alimwita Nejc,
jikoni tu, redio ikiwa imefunguliwa kwa nguvu.

Nikasema, nalisaga jiwe, nafuta.
"Usifute," akasema.
"Miaka ishirini na tisa aliitika hilo.
Alilipia kodi. Alimbatizia baba yangu.
Chini yake, basi. Wakae wote wawili."

Nikahesabu kwa kidole: Jernej sita,
Kovačič saba. Kumi na tatu.
"Na kofia zake?"
"Kofia gani?"
"Za juu ya c. Unazitoza?"

Kwa kweli si kofia za kuvaa.
Zimepinduliwa, mdomo juu,
kama ya mwombaji mlangoni mwa kanisa.
Na nafasi haikuwepo;
fundi wa zamani aliacha upana wa kidole,
hakutazamia mgeni.
Kofia ya kwanza ikagonga mguu wa nane.
Ya pili nikaisogeza, nikaisogeza,
mpaka ikaingia tumboni mwa sita
na mwaka wa kifo ukapata ufa mdogo.
Nilitaka kuomba radhi.
Yeye alikuwa amepiga magoti, anapuliza vumbi.

Sikuzitoza.
Nilikula tini zake nimesimama, nyundo kwapani,
zimeiva mno, zinanichuruzikia kiganjani,
naye akasoma kwa sauti, mara ya kwanza taratibu,
mara ya pili kama mtu anayemwita mtoto
aje kula:
Jernej Kovačič.
Je-rnej. Nejc.
Upepo ulikuwa umetulia, nao hupenda kuvuruga.

Simu yake ikalia mkobani.
Akajifuta magoti, akaitafuta,
akaiweka sikioni.

"Fabbri," akasema. "Ndiyo. Ni mimi."